Udongo Ukibaki Shambani, Chakula Kinabaki Migwani

Mada kwa wakazi wa Migwani na maeneo jirani kabla ya mvua za Oktoba hadi Desemba



Katika msimu mzima wa kilimo, mvua ya kuogopwa zaidi ni ile kubwa ya kwanza. Huja mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, wakati shamba liko tupu. Mabua yameliwa na ng'ombe, nyasi zimekauka, plau imepita na mbegu bado haijaota. Mvua hiyo ikinyesha kwa saa moja, mwenye shamba hushukuru, na ana haki ya kushukuru. Lakini akishuka hadi kwenye kijito atakuta maji mekundu. Wekundu huo ni udongo wa juu wa shamba lake, pamoja na samadi aliyoibeba Agosti na sehemu ya mbegu aliyoinunua.

Hesabu yake si ngumu. Tabaka la udongo lenye unene wa milimita 1 tu likiondoka kwenye ekari moja, zimeondoka mita za ujazo 4 hivi, ambazo uzito wake ni takriban tani 5. Milimita moja haionekani kwa macho. Hakuna anayeamka asubuhi akasema shamba limepungua. Mkulima huja kutambua baada ya miaka, mizizi ya mwembe inapokuwa juu ya ardhi, mawe yanapochomoza mahali ambapo hayakuwapo, na mahindi ya sehemu ya juu ya shamba yanapokuwa mafupi na ya manjano ilhali ya chini yanastawi.

Pamoja na udongo, maji nayo huondoka. Mvua ya milimita 30 kwenye ekari moja ni lita zaidi ya 120,000. Nusu yake ikitiririka na kwenda zake, shamba limepoteza maji yanayoweza kujaza mitungi 3,000 ya lita 20. Kila mama wa Migwani aliyewahi kupanga foleni ya maji anajua thamani ya mitungi hiyo. Wiki tatu baadaye, jua linapowaka na mahindi yanapoanza kujikunja majani, watu husema mvua haikutosha. Mara nyingi mvua ilinyesha, ila haikuingia ardhini.

KWA NINI UDONGO WA HUKU HUBEBWA UPESI

Udongo mwekundu wenye mchanga wa sehemu nyingi za Ukambani una tabia moja. Matone mazito yakiupiga ukiwa mtupu, chembe zake huvunjika na kuziba vijitundu vya juu. Ukikauka, hufanya gamba gumu. Mvua inayofuata hulikuta gamba hilo na kuteleza juu yake kama juu ya bati. Maji yanayoteleza huanza kwa unyuzi, unyuzi hukutana na kuwa vijifereji vya upana wa kidole, na vijifereji hivyo visipozibwa huwa korongo. Hapo ndipo methali inapotimia: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kijifereji cha Novemba huzibwa kwa jembe. Korongo la miaka kumi huhitaji mawe, waya, watu wengi na fedha.

Jambo la pili ni mteremko. Wilaya za zamani za Ukambani zina vilima vingi, na mashamba mengi ya Migwani yako kwenye miteremko inayoshuka kuelekea vijito. Kadiri maji yanavyoteremka umbali mrefu bila kuzuiwa, ndivyo yanavyoongeza kasi, na maji yenye kasi hubeba mzigo mkubwa. Basi kazi yote ya kuhifadhi udongo ina shabaha mbili tu: kufunika ardhi isipigwe na matone, na kuyakatiza maji safari yake kabla hayajapata nguvu.

UKAMBANI UMEKWISHA KULIPITIA JAMBO HILI

Katika miaka ya 1930 Ukambani ulitajwa na maafisa wa serikali ya kikoloni kama nchi inayokaribia kuwa jangwa. Colin Maher, afisa wa kilimo aliyehusika na mmomonyoko wa udongo, aliandika mwaka 1937 ripoti ya kuhuzunisha kuhusu hali ya Machakos. Dawa ambayo serikali hiyo iliichagua ilikuwa kupunguza mifugo kwa nguvu. Mwaka 1938 ng'ombe walichukuliwa na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Mwezi Julai mwaka huo, maelfu ya Wakamba walitembea hadi Nairobi na kukaa huko kwa wiki kadhaa wakitaka kumwona Gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu. Mwishowe serikali ililegeza msimamo wake.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikaja kazi ya lazima ya kuchimba matuta. Watu walichimba kwa kuamriwa, na matuta mengi ya wakati huo yalikuwa membamba, udongo wake ukitupwa upande wa chini. Uhuru ulipokaribia, wengi waliyaacha, kwa sababu mikononi mwao yalikuwa alama ya kutawaliwa.

Lakini katikati ya hayo, kuanzia miaka ya 1950, wakulima wenyewe walianza kupendelea tuta la aina nyingine, lile ambalo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu. Jina lake likawa agizo lenyewe la kazi: fanya juu. Hawakulipenda kwa sababu ya kuamriwa. Walilipenda kwa kuwa lilishika maji, na waliokuwa wakilima mboga na kahawa za kuuza waliona faida mfukoni. Vikundi vya mwethya, ambavyo sehemu kubwa vilikuwa vya wanawake, vilizunguka shamba kwa shamba. Mwaka 1974 serikali ya Kenya ilianza mpango wa kitaifa wa kuhifadhi udongo kwa msaada wa Sweden, na kazi ikaongezeka.

Matokeo yake yanajulikana hata nje ya Kenya. Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kuhusu Machakos ya kuanzia 1930 hadi 1990, wakati ambapo Makueni bado ilikuwa sehemu yake. Walionyesha kwamba watu wa wilaya hiyo waliongezeka kutoka karibu 240,000 hadi karibu milioni 1.4, na bado mmomonyoko ulipungua na mavuno kwa kila mtu yakapanda. Miteremko iliyopigwa picha ikiwa mitupu katika miaka ya 1930 ilikuwa imefunikwa na matuta na miti.

Kitui si Machakos. Huku mvua ni kidogo zaidi sehemu nyingi, na soko la Nairobi liko mbali zaidi. Lakini somo moja linahusu pande zote mbili: tuta lililochimbwa kwa hofu liliachwa, na tuta lililochimbwa kwa faida lilitunzwa.

NANI ATACHIMBA?

Hili ndilo swali gumu la leo, na halifai kupitwa haraka. Mashamba mengi yana matuta yaliyochimbwa na mababu au wazazi. Mengi yamejaa, mengine yamepasuka katikati, na mengine plau imeyapanda mwaka baada ya mwaka mpaka hayaonekani. Wenye nguvu za kuyafufua wako Nairobi, Thika au Mombasa. Waliobaki nyumbani ni nyanya mwenye umri wa miaka 70 na wajukuu wanaokwenda shule. Mwingine analima shamba la kukodi kwa msimu mmoja, na haoni sababu ya kumchimbia mwenyewe tuta la miaka ishirini. Mwingine ni mke ambaye mume wake yuko mbali na hawezi kukata uamuzi juu ya ardhi bila simu tatu.

Haya hayatatuliwi kwa kulaumu. Yako mambo manne yanayowezekana. La kwanza ni kugawa kazi: hakuna lazima ya kumaliza shamba kwa mwaka mmoja. Tuta moja kila kiangazi, likianzia juu, ni kazi ya kweli. La pili ni mwethya. Watu kumi wakizunguka kwa zamu, shamba la mjane hupata zamu yake sawa na la mwenye wana sita. La tatu ni fedha zinazotoka mjini: mtoto anayetuma pesa za mbolea anaweza kuambiwa ukweli kwamba mbolea iliyowekwa kwenye mteremko usio na tuta humfaidi aliye bondeni. Pesa hizo zikilipa vijana wa kijiji kuchimba, zinabaki shambani. La nne linawahusu wanaokodisha: mapatano yanaweza kusema kwamba mkodishaji akichimba tuta, kodi ya msimu inapunguzwa. Mapatano hayo yaandikwe na yashuhudiwe.

JINSI YA KUPIMA NA KUCHIMBA

Makosa mengi hutokea kabla jembe halijagusa ardhi. Tuta lisilofuata usawa hukusanya maji mahali pamoja, na hapo ndipo hupasuka. Tuta baya laweza kuleta korongo ambalo halikuwapo.

Kipimo kinachoweza kutengenezwa nyumbani ni cha umbo la herufi A. Huhitaji fito mbili zinazolingana, zenye urefu wa mita 2 hivi, zilizofungwa pamoja juu, na ufito mfupi wa kuzishika katikati. Uzi wenye jiwe huning'inizwa kutoka kileleni. Kipimo husimamishwa, na mahali uzi unapogusa ufito wa kati huwekwa alama. Kisha miguu hubadilishana nafasi, na alama ya pili huwekwa. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Baada ya hapo mkulima hutembea nacho kukata shamba, akigeuza mguu mmoja baada ya mwingine na kuweka kigingi kila uzi unapotulia katikati. Mstari utakaotokea hautanyooka. Utapinda kama kilima kinavyopinda, na hivyo ndivyo unavyotakiwa kuwa.

Umbali kati ya tuta na tuta hutegemea mteremko. Mteremko hupimwa kwa uzi wa mita 10 unaoshikwa usawa: ikiwa upande wa chini uzi uko juu ya ardhi kwa mita 1, mteremko ni asilimia 10. Kwa vipimo vinavyotumika Kenya, mteremko wa asilimia 5 huhitaji tuta kila mita 19 au 20. Asilimia 10 ni mita 13 hadi 14. Asilimia 15 ni mita 11 hadi 12, na asilimia 20 ni mita 10 hivi. Mahali palipo na mteremko mkali kuliko hapo panafaa nyasi, miti na malisho ya kukata, wala si mahindi.

Mtaro wa kawaida huwa na kina cha sentimita 60 na upana wa sentimita 60. Udongo hutupwa upande wa juu, na kati ya mtaro na tuta huachwa ukingo wa sentimita 15 hadi 30 ili udongo usirudi chini. Tuta hushindiliwa na kusawazishwa kichwa, kwa kuwa maji hutafuta mahali pa chini hata pakiwa padogo. Mvua ikinyesha, maji yanayoteremka husimama nyuma ya tuta na kuuacha udongo wake hapo. Yanayopita hunaswa na mtaro. Kila mwaka udongo ulioingia mtaroni hutolewa na kutupwa tena juu. Baada ya misimu kadhaa shamba huanza kuwa ngazi, na mteremko hupungua wenyewe.

Tuta lisilo na nyasi halidumu. Nyasi za makarikari hustahimili ukame na zinajulikana sana Ukambani. Nepia hutoa malisho mengi lakini hutaka maji zaidi na hunyang'anya mimea iliyo karibu, hivyo hupandwa mahali penye unyevu na kukatwa mara kwa mara. Nyasi hupandwa mvua inapoanza, wakati tuta bado bichi. Ndani ya mtaro, ambako unyevu hukaa muda mrefu, hustawi mipapai na migomba michache. Kwa njia hiyo tuta hulipa kodi ya ardhi liliyoichukua.

KATI YA TUTA NA TUTA

Tuta peke yake halitoshi. Plau ya maksai ipite kukata mteremko, kwa kuwa kila mfuo unaoelekea chini ni mfereji uliotayarishwa. Mkulima anaweza pia kufunga mifuo kwa vituta vidogo kila baada ya mita chache ili maji yakae palepale yaliponyesha. Kunde na pojo zikipandwa mapema kati ya mahindi au mtama hufunika ardhi na kupunguza nguvu ya matone.

Kuhusu mabua, maafisa wa kilimo husema yaachwe shambani, na mfugaji huuliza ng'ombe atakula nini Septemba. Wote wana haki. Njia ya katikati ni kulisha majani na sehemu laini, na kuyalaza mabua magumu kukata mteremko badala ya kuyachoma. Nyasi za kwenye matuta nazo zikikua, hitaji la kumaliza mabua yote hupungua. Samadi ikichanganywa na udongo huusaidia kunyonya maji, lakini irejeshwe shambani baada ya matuta kukarabatiwa, isiwe zawadi kwa kijito.

MAJI YA JIRANI NA MAJI YA BARABARA

Kesi nyingi za mmomonyoko ni kesi za ujirani. Wa juu hafungi maji, wa chini anapata korongo. Au wa juu anachimba mfereji wa kulinda shamba lake na kuuelekeza kwenye mpaka, na mvua moja inafuta uzio na urafiki wa miaka. Mfereji wa kukatiza maji yanayotoka nje ya shamba unafaa, lakini lazima ujulikane utaishia wapi: penye nyasi nzito, penye mawe, au kwenye kidimbwi cha kuhifadhi maji. Ndiyo maana kupima kunafaa kufanywe kwa mteremko mzima, kuanzia kileleni, majirani wote wakiwapo, hata kama kila mmoja atachimba kwa wakati wake.

Barabara, njia za ng'ombe na uwanja wa shule hukusanya maji mengi kuliko shamba lolote. Kalvati hutoa kwa kishindo kile ambacho kilima kizima kimekusanya. Maji hayo yanaweza kuwa adui au mali. Yakipunguzwa kasi kwa mawe na kugawanywa kwenye mitaro iliyopimwa, hunywesha mashamba. Yakiachwa, huchimba.

Athari haziishii kwenye mpaka wa kijiji. Kuanzia miaka ya 1990 mamia ya mabwawa ya mchanga yamejengwa Kitui, mengi kwa juhudi za jamii pamoja na shirika la SASOL. Bwawa la aina hiyo hufanya kazi kwa sababu mchanga mkubwa huhifadhi maji kati ya chembe zake. Tope laini kutoka mashambani likijaa humo, nafasi hiyo huziba na maji hupungua. Anayechimba tuta kilimani anamchotea maji mtu wa bondeni.

WAJIBU WA KAUNTI NA HAKI YA MKAZI

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa serikali za kaunti kazi ya kilimo, barabara za kaunti, na utekelezaji wa sera za kitaifa za kuhifadhi udongo na maji. Hii ina maana kwamba mkazi anayeomba afisa wa kilimo aje kupima mteremko haombi hisani. Anaomba huduma. Ombi la kijiji au la kikundi hurahisisha kazi, kwa sababu safari moja huhudumia mashamba mengi.

Vivyo hivyo, makorongo makubwa na kalvati zinazomwaga maji mashambani ni mambo ya kupelekwa kwenye vikao vya ushiriki wa wananchi. Kwa mujibu wa sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Kijiji kinachofika kikaoni kikiwa na orodha ya makorongo, majina ya mahali na idadi ya mashamba yanayoathirika hueleweka haraka kuliko kinachofika na malalamiko ya jumla. Ombi likichelewa mwaka huu, liandikwe sasa kwa ajili ya mwaka ujao.

KAZI YA KABLA YA MVUA

Kwa msimu huu, orodha ni fupi. Kila mwenye shamba atembee juu hadi chini na kutafuta mahali ambapo tuta limepasuka au limelala. Azibe hapo kwanza, kwa kuwa tundu moja huharibu tuta zima. Asafishe mtaro wa juu kabisa na kutupa udongo juu ya tuta. Aandae miche ya nyasi. Azungumze na jirani wa juu na wa chini kuhusu maji yatakakopita. Mvua ya kwanza ikinyesha, achukue mwavuli na kwenda kuangalia maji yanavyotembea shambani mwake, kisha aweke vigingi mahali yanapokusanyika. Dakika hizo chache humfundisha mambo ambayo shamba kavu halimwonyeshi.

Mvua ya Oktoba hadi Desemba hupewa jina la mvua fupi, lakini Ukambani ndiyo inayotegemewa zaidi kwa chakula. Muda wa kuitayarishia nao ni mfupi. Majembe yapo, fito za kipimo zipo, na mwethya haujasahaulika.